Dohani Nne

Neno dohani, kwetu sisi tuliokulia pwani, ni neno la melini. Ukimtajia mzee wa Tanga dohani, ataliona lile bomba la meli litoalo moshi nje ya ghuba, wala hatawaza nyumba. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ni moshi. Nyumba zetu hazikuwa na haja nalo. Moshi wa mafiga matatu ulijitafutia njia wenyewe kupitia makuti, na ukiwa njiani ulifanya kazi yake ya kufukuza wadudu na kuyakausha makuti yasioze upesi. Kwenye majumba ya mawe ya Lamu waungwana walilipandisha jiko juu kabisa ya nyumba, wakapaita mahali hapo kidari cha meko, ili moshi na joto viende zao angani na watu wakae chini kwenye ubaridi. Jambo hili lastahili kuangaliwa vizuri. Mwungwana wa Lamu alitumia fedha na akili yake kuuweka moto mbali na mahali pa kupokelea wageni, na mwungwana wa Uingereza, katika karne zile zile, alitumia za kwake kuuleta moto sebuleni na kuupa mahali pa heshima kuliko pote.

Nayaandika haya kwa sababu miaka michache iliyopita mume wangu alitaka tuweke meko ya gesi katika nyumba yetu ya Leicester. Yalikuwa meko ya mapambo, yenye pande mbili, moto mmoja uonekane sebuleni na uonekane vilevile katika chumba cha kulia. Nyumba hii, kwa mujibu wa hati zake, ilijengwa mwaka 1889, na ina dohani kubwa ya matofali iliyosimama katikati, baina ya vyumba hivyo viwili. Juu ya paa kuna vichwa vinne vya udongo vya kutolea moshi. Mimi, kabla ya kukubali tundu litobolewe katika ukuta uliobeba nusu ya nyumba, nilitaka kwanza kujua dohani ni kitu gani. Mume wangu husema nilisoma mno. Labda, lakini chumba cha juu, kilichoegemea dohani ile ile, alikuwa akilala mavyaa wangu, mama yake yeye, na mimi ndiye niliyemtandikia kitanda humo.

Waingereza wenyewe hawakuzaliwa na dohani. Kwa muda mrefu moto wao ulikaa sakafuni, katikati ya ukumbi, moshi ukipanda hadi kwenye kenchi na kutokea kwenye tundu la juu au kupenya katika nyasi za kuezekea. Yaani hapakuwa na tofauti kubwa na nyumba ya msonge ya Buhaya. Dohani zilianza kwenye ngome za wakubwa, karne ya 12, zikakaa huko huko muda mrefu. Katika miaka ya 1570 kasisi mmoja aitwaye William Harrison aliandika habari za nchi yake, na humo akaeleza kuwa wazee wa kijiji chake walistaajabia wingi wa dohani zilizojengwa katika uhai wao, maana walipokuwa vijana zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Harrison hakufurahi sana. Alidai kwamba moshi wa zamani uliikaza miti ya nyumba na kuwalinda watu na maradhi, na kwamba tangu dohani zije watu wamekuwa hawaishi mafua. Nilicheka niliposoma hayo, kwa kuwa bibi yangu alisema karibu maneno hayo hayo juu ya makuti, siku jirani yetu alipoezeka jiko lake kwa mabati.

Kilicholeta dohani katika nyumba za watu wa kawaida ni makaa ya mawe. Kuni zilikuwa zikipanda bei, hasa London, na makaa yakawa yakiletwa kwa meli kutoka Newcastle. Sasa moshi wa kuni mtu aweza kuuvumilia, ukamtoa machozi basi. Moshi wa makaa ya mawe hauvumiliki ndani ya chumba. Ni mchungu, una salfa, na masizi yake ni ya mafuta. Aliyetaka kuchoma makaa ilimbidi ajenge njia ya kuutoa moshi nje, na njia ya makaa ilifaa iwe nyembamba kuliko ya kuni ili ivute vizuri.

Serikali nayo ikaona kuwa hapo pana kitu cha kuhesabika. Mwaka 1662, katika utawala wa Charles wa Pili, ikatungwa kodi ya meko: shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko. Watoza kodi waliruhusiwa kuingia nyumba ya mtu na kuhesabu, chumba kwa chumba, na nadhani chuki ya watu ilitokana na kule kuingia kuliko hizo shilingi mbili. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1689. Sisi nasi tuliletewa ndugu yake: kodi ya kibanda, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1898 katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na Waingereza mwaka 1901 katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Na watu ni watu. Huku kwetu walijibana wengi katika kibanda kimoja ili vihesabike vichache. Kule Uingereza waliziba meko kwa matofali mtoza kodi alipokaribia. Katika kijiji cha Churchill, wilaya ya Oxfordshire, inasimuliwa kwamba mwaka 1684 mwoka mikate mmoja, mwanamke, alitoboa ukuta kutoka tanuri yake hadi kwenye dohani ya jirani ili asilipie dohani yake mwenyewe. Moto ukatoka, ukaunguza nyumba zipatazo 20, na watu wanne wakafa. Habari hii niliisoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu. Dohani moja kutumikia pande mbili za ukuta: hicho ndicho tulichokuwa tukikusudia kufanya.

Hapa sina budi kukaa kidogo kwenye jambo ambalo vitabu vya mapambo ya nyumba hulipita haraka. Njia za moshi za makaa, kwa wembamba wake, zilijaa masizi, na masizi yasipotolewa huwaka. Nyingi zilikuwa na upana wa inchi 9 kwa 9, yaani sentimita 23 hivi kila upande, na hazikunyooka. Zilipinda zikikwepa vyumba vya juu. Nani aingie humo? Waliingizwa watoto. Walikuwa wa miaka sita au saba, na wengine wadogo zaidi, mayatima au watoto waliouzwa na wazazi maskini kwa mabwana wa kazi. Walipanda kwa viwiko na magoti, na ngozi ilipochubuka ilisuguliwa kwa maji ya chumvi ili ifanye sugu. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza saratani ya korodani iliyowapata wasafisha dohani, akaihusisha na masizi yaliyoganda mwilini. Madaktari huihesabu kuwa saratani ya kwanza kuhusishwa na kazi ya mtu. Mwaka 1788 ikatungwa sheria kuwa mtoto asichukuliwe kwa kazi hiyo kabla ya miaka minane. Mwaka 1840 ikatungwa nyingine, kwamba asipande dohani mtu yeyote aliye chini ya miaka 21. Sheria zilikuwapo, na watoto waliendelea kupanda. Kinachouma zaidi ni kwamba brashi ndefu za kuunganisha vijiti zilikuwa zimekwisha kubuniwa tangu mwanzo wa karne ya 19. Wenye nyumba wengi hawakuzitaka, wakiona mtoto husafisha vizuri zaidi na hachafui mazulia.

Mwezi wa Februari mwaka 1875 mtoto wa miaka 11 aitwaye George Brewster aliingizwa katika dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge, akakwama. Ukuta ulibomolewa ili atolewe, akafa muda mfupi baadaye. Bwana wake alifungwa, na Lord Shaftesbury, aliyekuwa ameipigania habari hii bungeni kwa miaka mingi, akapata sheria yenye meno mwaka huo huo: msafisha dohani sharti awe na leseni, na polisi wakapewa kazi ya kusimamia. Nilihesabu miaka kati ya 1875 na 1889, nikashukuru kuwa njia nne zilizomo ukutani mwetu huenda hazijapandwa na mtoto. Zina upana ule ule lakini. Inchi 9 kwa 9, sufuria ya ugali ya watu sita haipiti.

Juu ya wale walioyatengeneza meko yawe bora nitasema kwa ufupi. Benjamin Franklin wa Philadelphia alibuni jiko la chuma mwanzoni mwa miaka ya 1740, akakataa kujipatia haki ya pekee ya kuliuza. Mmarekani mwingine, Benjamin Thompson, aliyekuwa upande wa mfalme wakati wa vita vya uhuru na baadaye akapata cheo cha Count Rumford, aliandika mwaka 1796 jinsi ya kurekebisha meko ya ukutani: koo la dohani lifanywe jembamba, mgongo uletwe mbele, na kuta za pembeni zikae mshazari ili zirudishe joto chumbani. Werevu wake ulikuwa kuona kuwa meko yanayojaza moshi chumbani aghalabu hayana kosa la udogo wa dohani. Kosa ni uwazi wa chini kuwa mkubwa mno, hewa baridi ikaingia kwa wingi pamoja na moshi. Naomba msomaji akiweke akilini kipimo hiki, kwa sababu ndicho kilichoamua mambo nyumbani kwetu.

Gesi iliingia majumbani kama taa kabla ya kuwa moto wa kuota. William Murdoch, fundi Mskoti, aliiwasha nyumba yake huko Redruth, Cornwall, mwaka 1792, kwa gesi iliyopatikana kwa kuoka makaa ya mawe pasipo hewa. Mwaka 1807 taa za gesi ziliwaka Pall Mall, London, na mwaka 1812 kampuni ya Gas Light and Coke Company ilipewa hati ya kifalme ya kuuza gesi kwa mabomba. Gesi hiyo ya makaa ilikuwa sumu hata kabla ya kuwashwa, kwa sababu sehemu yake moja ni kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na damu huipokea kwa nguvu inayozidi mara 200 inavyopokea oksijeni, kwa hiyo mtu hukosa pumzi akiwa anapumua. Wenzetu wa Nairobi na nyanda za juu wanaijua bila kuijua jina lake: ndiyo inayowaua watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani mwezi wa Julai, wakafunga dirisha kwa baridi, na asubuhi hawaamki.

Mnamo mwaka 1855, katika maabara ya Robert Bunsen huko Heidelberg, ilipatikana namna ya kuchanganya gesi na hewa kabla haijawaka, moto ukawa wa buluu, mkali, usio na masizi. Kutokana na hapo zikaja heta za gesi za mwisho wa karne ile. Hata hivyo Mwingereza aliendelea kupenda makaa yake, akasema moto wa gesi hauna roho. Mapenzi hayo aliyalipia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ukungu wa baridi ulipokaa juu ya London na moshi wa dohani za nyumba na viwanda ukakosa pa kwenda. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000. Watafiti wa baadaye wakafikisha 12,000. Sheria ya hewa safi ikapita mwaka 1956. Mwaka 1965 gesi asilia ikagunduliwa chini ya bahari ya kaskazini, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1977 mafundi walizunguka nchi nzima, nyumba hadi nyumba, kubadilisha majiko na heta za watu ziweze kutumia gesi hiyo mpya, ambayo haina kaboni monoksaidi ndani yake. Yaweza kuitoa ikiungua vibaya tu. Mabomba ya maji ya moto yakaenea vyumbani, na meko ya ukutani yakafungwa kwa mbao na kupakwa rangi, kama kwamba hayakuwapo.

Kisha watu wakayakumbuka. Nyumba ilikuwa na joto, lakini mtu hakuwa na kitu cha kutazama, na televisheni haikutosha. Ndipo yalipokuja meko ya gesi ya mapambo, yenye magogo ya udongo wa kuchoma na makaa ya bandia. Ndani yake mna kichekesho ambacho Bunsen angekisikitikia. Moto safi wa gesi ni wa buluu, na moto wa buluu haupendezi sebuleni. Ule wa manjano, unaocheza, hupata rangi yake kutokana na chembe za masizi zinazong'aa kwa joto. Kwa hiyo mtengenezaji huinyima gesi sehemu ya hewa yake kwa makusudi, na magogo yale yakipangwa ovyo, moto huyagusa na kutoa masizi na sumu. Ndiyo maana kila gogo la udongo lina mahali pake palipoandikwa katika kitabu cha maelekezo, na mwenye nyumba haruhusiwi kulisogeza kwa kuwa tu ameona litapendeza upande wa pili.

Meko ya pande mbili yana tatizo la zaidi. Uwazi ni mara mbili, dohani ni ile ile. Upepo ukiingia kwa mlango wa chumba cha kulia waweza kuusukuma moshi utokee sebuleni. Kanuni za ujenzi za Uingereza, zinapotaja meko ya kuni au makaa yaliyo wazi zaidi ya upande mmoja, hutaka njia ya moshi iwe na asilimia 15 ya uwazi wote. Nilichukua karatasi. Meko aliyoyapenda mume wangu yalikuwa na sentimita 80 kwa 50 kila upande. Pande mbili ni sentimita za mraba 8,000, na asilimia 15 yake ni 1,200. Njia yetu ya moshi, 23 kwa 23, ni 529. Gesi si kuni, na kila kiwanda kina vipimo vyake, lakini moshi unapanda kwa sababu zile zile alizozieleza Rumford.

Fundi wa kwanza aliyekuja, ambaye sitamtaja, hakutaka kuiona karatasi yangu. Alichungulia kwa tochi, akasema dohani ni nzima, atavunja ukuta Jumatatu na Ijumaa tutaota moto. Meko yenyewe yangekuwa wazi pande zote mbili, bila kioo. Bei yake ilikuwa nzuri sana na mume wangu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Nikasema, kwa adabu, kwamba kwanza tumtafute mtu wa kuipima dohani. Mafundi wote wa gesi huku sharti waandikwe katika daftari liitwalo Gas Safe, lililoanza mwaka 2009, na kila mmoja ana kadi yenye picha inayoonyesha kazi alizoruhusiwa kufanya. Wa pili tulimpata kwenye daftari hilo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipanda juu akakiziba kichwa kimoja cha dohani, akashuka, akawasha kidonge cha moshi ndani ya meko ya zamani, akafunika mbele kwa ubao. Halafu akaniambia tupande juu.

Mavyaa alikuwa ameketi kitandani na tasbihi yake. Nyuma ya kabati, mahali ambapo zamani palikuwa na meko madogo ya chumbani yaliyozibwa kwa ubao, moshi mweupe ulikuwa ukitoka taratibu kama wa ubani. Akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo mmeanza kupika huko chini?" Nikamwambia, "Hapana mama, tunajaribu tu." Fundi alifungua dirisha, akaandika kitu katika daftari lake. Mume wangu, aliyekuwa mlangoni, hakusema neno, na toka siku ile karatasi yangu ya hesabu haikuchekwa tena.

Fundi alitueleza. Meko manne, njia nne, vichwa vinne. Kila chumba kilikuwa na njia yake hadi juu, ila zote zimo ndani ya mnara mmoja, na kinachozitenga ni ukuta wa unene wa nusu tofali. Chokaa iliyoshika matofali hayo ilikuwa imeliwa na tindikali ya moshi wa makaa, uliopita humo kwa vizazi. Katika njia zile sasa hewa ya moja ilikuwa ikiingia ya mwenzake. Moto wa kidonge unaonekana na unanuka. Ungekuwa wa gesi, wa manjano, magogo yamekaa vibaya kidogo, mlango wa nyuma umefunguliwa usiku wa upepo, sijui ni nani angeuona.

Meko tumeyaweka. Yana vioo pande zote mbili, vilivyofungwa kabisa, na hayachukui hewa ya vyumba. Bomba la chuma lisiloshika kutu limepandishwa ndani ya njia ya zamani, bomba moja ndani ya jingine, la ndani likitoa moshi na la nje likileta hewa kutoka juu ya paa. Mhandisi alipiga hesabu ya boriti ya kushikilia matofali ya juu kabla ukuta haujaguswa, na mkaguzi wa manispaa akaja kuiona. Ilitugharimu zaidi ya mara mbili ya bei ya yule wa kwanza. Kengele ya kaboni monoksaidi iko chini, na nyingine niliifunga mwenyewe chumbani kwa mavyaa, naye huifuta vumbi kila Ijumaa.

Moto huo hupenda kuutazama akiwa upande wa chumba cha kulia, kwa sababu ndiko kwenye meza ya chakula, na kwake yeye moto na chakula havitengani. Aliniuliza mara moja kama hauwezi kuchoma mhogo. Nilipomwambia kioo hakifunguliwi, alinyamaza, akaendelea kumenya machungwa.

Njia tatu zilizobaki hazikuzibwa kabisa. Fundi alizisafisha, akatoa katika mojawapo fungu zima la vijiti vya kiota cha kunguru wadogo, kisha akazivika vifuniko vyenye matundu na kuacha tundu dogo chini katika kila chumba, kwa kuwa dohani isiyopitisha hewa huvuta unyevu, na unyevu hushuka na yale masizi ya zamani hadi kwenye rangi ya ukuta.